Njano ya kiini cha yai hutoka wapi?

Kuku wa kienyeji anayechakura nyuma ya nyumba pale Ujiji hutaga yai lenye kiini cha njano iliyokolea. Mwenzake aliyefungiwa bandani kwa pumba za mahindi meupe tu, kiini chake hupauka. Wengi hudhani ni mbegu ya kuku, kumbe ni chakula. Kuku, ng'ombe na binadamu hawawezi kutengeneza karotenoidi, yaani rangi za njano, chungwa na nyekundu zilizomo kwenye majani mabichi, mahindi ya njano na mawese. Lazima wazile.

Na kuzila peke yake hakutoshi. Karotenoidi haziyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Tumboni, nyongo huyagawa mafuta kuwa vitone vidogo mno, rangi huingia humo, ndipo ukuta wa utumbo mwembamba huzipokea kwa msaada wa protini maalumu. Umuhimu wa protini hiyo unaonekana kwa ndege aitwaye kanari: wapo weupe wenye hitilafu katika jeni yake, na hata uwalishe vipi, manyoya yao hayapati njano.

Zikishapita, nyingine hukatwa kuwa vitamini A. Zilizobaki husafiri kwenye damu ndani ya chembe za mafuta zilizovikwa protini, hadi kwenye ini, ngozi au kiini cha yai. Mbuzi hubadili karibu beta-karotini yake yote (mojawapo ya karotenoidi hizo) kuwa vitamini A, ndiyo maana mafuta ya maziwa yake ni meupe. Ng'ombe huiachia sehemu ipite, na samli yake huwa ya njano, hasa masika majani yakiwa mabichi. Kwa kambakoche wa baharini, protini huishika rangi nyekundu kwa nguvu hadi gamba huonekana la bluu. Akipikwa, protini huharibika na wekundu hujitokeza.

Sisi wa Kigoma tumebarikiwa, kwani mawese yana rangi na mafuta yake humo humo. Yatie kwenye matembele au mchicha wa mtoto. Ila tafadhali, msiyachome hadi yapoteze wekundu, maana hapo karotenoidi zimeshaharibika.

Kwa wafugaji: kiini kilichopauka hakina maana kwamba yai halina protini. Lakini ukitaka kikolee, waning'inizie kuku mchicha bandani kila siku. Kiini hujengeka kwa siku 10 hivi, kwa hiyo ndani ya wiki mbili utaiona tofauti ukipasua yai.