Ugali, kiporo na chipsi za jioni: maswali na majibu kuhusu chakula cha kila siku

Maswali haya ni yale ambayo watu huuliza kila mazungumzo ya lishe yanapoanza, iwe kliniki ya watoto au sebuleni kwa jirani. Mengi huulizwa kwa wasiwasi, kana kwamba chakula chetu ni kibaya na dawa yake inauzwa kwenye kopo dukani. Mimi sikubaliani na wasiwasi huo. Kasoro nyingi ninazoziona ziko kwenye kipimo, kwenye saa na kwenye mikono inayopakua.

Kwetu tunakula ugali na maharage karibu kila siku. Tuna lishe duni?

Si lazima. Mahindi na maharage hukamilishana: protini ya mahindi ina upungufu wa kirutubisho kiitwacho laisini, ambacho maharage yanacho kwa wingi. Kwa hiyo anayekula ugali kwa maharage hajakosa protini kwa sababu tu hakununua nyama.

Shida iko kwenye sahani yenyewe. Ugali umejaa hadi ukingoni, maharage upawa mmoja, mchicha wa kuchovyea tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa nyumba ya watu wazima watano hizo ni kilo 2, na ukikumbuka jinsi mchicha unavyonywea ukiingia sufuriani, utaona kwamba fungu moja halifiki mbali. Badala ya kuongeza unga, ongeza fungu la pili la matembele, mlenda, kisamvu au majani ya kunde. Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemke muda mrefu bila kufunikwa, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa.

Mafuta kidogo kwenye mboga si dhambi. Vitamini A ya mboga za majani huhitaji mafuta ili mwili uifyonze, na karanga zilizotwangwa au tui la nazi hufanya kazi hiyo hiyo.

Sembe au dona?

Dona, kwa masharti. Mahindi yakikobolewa, pumba na kiini huondoka pamoja na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, madini ya chuma na vitamini za kundi B. Sembe unaobaki ni mweupe na mlaini, lakini umepungukiwa. Ukinunua sembe wa paketi, tafuta ulioandikwa kwamba umeongezwa virutubishi.

Masharti yenyewe ni haya: mahindi yawe makavu na safi. Mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini, yaani kule kule ambako dona hubakiza. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki. Kuchemsha hakuiondoi, wala kusonga ugali kwa moto mkali. Punje zilizobadilika rangi, zilizopasuka au zenye ukungu zichambuliwe na zitupwe. Usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Kama unanunua gunia kwa mkulima, kuna kipimo cha zamani cha chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi kiasi cha robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri kwa dakika chache, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na yarudi juani, juu ya turubai na si kwenye udongo. Ikidondoka yote chini, yanafaa kuhifadhiwa.

Mgonjwa wa kisukari akila dona anaweza kula apendavyo?

Hapana. Dona nayo ni wanga. Humeng'enywa polepole kidogo kuliko sembe, lakini sahani ya dona iliyojaa bado itapandisha sukari. Ugali wake usizidi robo ya sahani, robo nyingine iwe maharage, samaki au kuku, na nusu nzima iwe mboga za majani. Muhogo, ndizi za kupika na viazi vitamu vihesabiwe kwenye robo ile ile ya ugali, si kama vitafunwa vya ziada.

Wali wa jana kwa chai ya asubuhi: ni salama?

Inategemea ulilala wapi. Hili nitalieleza kwa kirefu kidogo, maana kiporo cha wali ni kitamu na sina nia ya kumnyima mtu.

Mchele huja na vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo hujifunga kwenye ganda gumu lisilouawa na maji yanayochemka. Wali ukishaiva na kubaki vuguvugu, ganda hufunguka, vijidudu huzaliana, na aina fulani huacha sumu ndani ya wali. Sumu hiyo haiharibiwi na kupasha moto. Ndiyo maana ule msemo wa jikoni, "nimeupasha ukachemka vizuri", hautoshi. Anayeila huanza kutapika ndani ya saa chache.

Sasa fikiria jiko la Dar es Salaam au Mombasa: wali umeiva saa mbili usiku, sufuria imefunikwa na kuachwa juu ya jiko, mtoto anapakuliwa saa moja asubuhi kabla ya kwenda shule. Hizo ni saa 11 kwenye joto ambalo vijidudu vinalipenda. Na hautanuka. Harufu na utelezi huja wali ukishachacha, na huo ni uharibifu mwingine. Sumu hii haina harufu.

Kama una friji, usisubiri sufuria ipoe yenyewe. Mwaga wali unaobaki kwenye sinia pana, utandaze upoe haraka, tia kwenye chombo chenye kifuniko na uingize kwenye friji ndani ya saa 2 tangu uive. Asubuhi pasha hadi mvuke utoke katikati, si pembeni tu, na upashe mara moja. Ukibaki tena, utupwe. Umeme ukikatika usiku kucha na friji ikapoteza ubaridi, huo wali uhesabu kwamba umelala mezani.

Kama huna friji, jibu halipendezi lakini ni hilo hilo: pika kwa kipimo. Maharage ya nazi na wali wa nazi ndivyo vya kwanza kuharibika, kwa hiyo siku ya nazi punguza kabisa. Kwa chai ya asubuhi chemsha viazi vitamu, magimbi au muhogo palepale.

Mtu akishaanza kutapika na kuhara?

Maji yenye chumvi maalumu, yaani ORS: paketi ya lita 1 ikorogwe kwenye maji safi lita 1 kamili, si kwenye glasi. Anywe kidogo kidogo, mara kwa mara. Mtoto anayeharisha hupewa pia zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya na kula. Nenda kituo cha afya bila kuchelewa ukiona damu kwenye choo, macho yaliyozama, mtoto mlegevu au anayeshindwa kunywa, homa kali, au kuharisha maji meupe kama ya mchele.

Naweka magadi kwenye maharage ili yaive haraka. Kuna ubaya?

Magadi huharibu sehemu ya vitamini B1 na huongeza sodiamu kwenye chakula, jambo lisilomfaa mwenye shinikizo la damu. Loweka maharage usiku, asubuhi mwaga maji hayo na upike kwa maji mapya. Yataiva mapema, mkaa utapungua, na gesi ya tumbo pia.

Kwa wanaotumia kikapu cha kuhifadhi joto: maharage, hasa mekundu, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kuingia kikapuni. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayotapisha, na joto la wastani haliiondoi.

Mtoto wangu ana mwaka na nusu. Anakula na kaka zake sinia moja na anashiba, lakini uzito hauongezeki. Kwa nini?

Huenda hashibi. Kaa pembeni siku moja umtazame. Mtoto wa mwaka na nusu anakata tonge, linavunjika, analiokota, anatafuna kwa meno machache. Wakati huo kaka yake wa miaka minane ameshamaliza maharage yote ya upande wake na amehamia upande wa mdogo. Sinia likiisha, mdogo ananyanyuka na wenzake. Mama anaona watoto wote wameinuka, anajua wamekula.

Mpe bakuli lake. Akae na wenzake kwenye mkeka ule ule, ajifunze kunawa na kula kwa adabu, lakini chakula chake kiwe mbele yake peke yake, na awepo mtu mzima wa kumhimiza bila kumlazimisha. Faida ya pili ni kwamba utajua kiasi alichokula.

Kisha tazama uji. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi unaonyweka kwa kikombe hulijaza maji. Uwe mzito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko haumwagiki mara moja. Ndani yake tia kitu: karanga zilizosagwa laini, maziwa, dagaa waliokaushwa wakasagwa, yai lililoiva vizuri, parachichi au kijiko kimoja cha mafuta. Umri huu anahitaji milo 3 hadi 4 kwa siku na asusa moja au mbili katikati, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Kuhusu unga wa lishe wenye nafaka kumi: wingi wa majina kwenye paketi haumnenepeshi mtoto. Nafaka moja au mbili zilizo safi, pamoja na kitu cha protini, zinatosha. Soya ikisagwa mbichi humsumbua tumboni, na karanga moja yenye ukungu huchafua debe zima. Kama mstari kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka, mpeleke apimwe. Minyoo, malaria na magonjwa mengine nayo hula uzito.

Chai ni lazima isubiri baada ya chakula?

Kwa mjamzito, mtoto na mwenye upungufu wa damu, ndiyo, kama saa 1. Chai hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Chungwa, pera au ndimu wakati wa mlo hufanya kinyume chake.

Chumvi kiasi gani?

Chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kama kijiko cha chai kisichojaa, ukijumlisha na iliyomo kwenye mkate, kwenye vile vimchemraba vya supu na ile inayonyunyizwa juu ya chipsi. Ukitia mchemraba, usitie chumvi tena kabla hujaonja.

Mchana nakula kwa mama ntilie. Nitajuaje kama ni pasafi?

Mimi sina shaka na mama ntilie kama walivyo wengi. Chakula chake kimepikwa asubuhi hiyo hiyo, na kwa kawaida saa tisa kimeisha. Kuna mikahawa yenye vitambaa mezani ambayo mchuzi wake ni wa juzi.

Tazama mambo machache kabla ya kukaa. Wateja wananawa kwa maji yanayotiririka kutoka kwenye ndoo ya koki, au wote wanachovya mikono beseni moja? Sahani zinaoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji safi, au ndoo imeshageuka mchuzi? Anayepakua ndiye anayepokea pesa kwa mkono ule ule? Sufuria ziko juu ya moto na mvuke unatoka? Ukifika saa nane na samaki wa kukaanga wamelala wazi tangu asubuhi huku nzi wakizunguka, agiza maharage yanayochemka.

Kipindupindu kikitangazwa eneo lenu, acha kachumbari, juisi za ndoo na barafu hata kwa yule unayemwamini. Chakula cha moto na maji ya chupa iliyofungwa vinatosha kwa kipindi hicho.

Na chipsi mayai?

Mara moja moja hazina neno. Zikiwa ndiyo chakula cha jioni kila siku kwa sababu umechoka, hapo pana tatizo, na tatizo la kwanza ni mafuta. Chungulia karai: mafuta yaliyokuwa meusi, mazito, yenye povu na moshi kabla hata viazi havijaingia yamekaangiwa mno. Hama banda.

Ukiagiza, omba viazi vichache na mayai mawili. Muuzaji atakushangaa kidogo, kisha atapika. Halafu angalia kinywaji. Soda nyingi zina takriban gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 inafika kama vijiko 9 vya chai. Hakuna anayetia vijiko 9 kwenye kikombe chake cha chai.

Kuku wa barafu nimyeyushe vipi?

Kwenye friji usiku, chini kabisa, ndani ya bakuli ili maji yake yasidondokee matunda. Kumwacha kwenye sinki mchana kutwa huacha nje ipate joto wakati ndani bado barafu. Usimwoshe chini ya bomba lililofunguliwa kwa nguvu, maana matone yake huruka hadi kwenye vyombo vilivyokwisha oshwa. Na kisu na ubao uliomkatia uvioshe kwa sabuni na maji ya moto kabla hujagusa nyanya za kachumbari.