"Watazinywea tu": tunayodanganyana kuhusu kumpa jirani hela

Huku Mbagala, kamati ya harusi ikikuandikia elfu hamsini utanung'unika, lakini utatoa, na hakuna atakayeuliza zimeliwaje. Mama wa nyumba ya pili, mume kalazwa na genge limefungwa, akipewa elfu kumi tu maneno yanaanza.

"Hela mkononi zitaishia kilabuni." Hii ndiyo naisikia zaidi, mara nyingi kutoka kwa mtu mwenye bia mezani. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova, katika andiko lililotolewa na Benki ya Dunia, walipitia tafiti 19 zilizopima jambo hilihili Afrika, Asia na Amerika ya Latini. Karibu zote zilikuta kwamba kaya zilizopewa fedha hazikuongeza matumizi ya pombe na sigara. Baadhi zilikuta yamepungua. Walevi wapo, sikatai. Lakini mlevi hakuanza kunywa siku uliyompa wewe. Na kama baba ndiye mlevi, si mama yupo? Mpe yeye.

"Nunua unga na mafuta, ndiyo salama." Kuna siku ni sawa. Ila unga haununui umeme wa LUKU wala haulipi dawa. Nimeshaona sembe ya msaada ikirudishwa dukani kwa Mangi kwa bei ya kutupa ili mtoto apate dawa: aliyetoa kalipa bei kamili, familia ikaambulia pungufu. Na kama ndani kuna mkopo wa kausha damu, ile ya riba ya kuumiza, anayekuja kudai hachukui maharage. Anabeba godoro.

"Elfu kumi ni aibu, bora usitoe." Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200. Kwenda na kurudi, 400. Elfu kumi inampeleka mtoto shule siku 25, yaani wiki tano nzima. (Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa 2016, kweli, ila konda hilo halimhusu.)

"Si TASAF ipo?" Mfuko huo wa serikali wa kusaidia kaya maskini upo, kwa kaya zilizoandikishwa, na malipo yake yamepangwa kila baada ya miezi miwili. Homa ya mtoto haisubiri dirisha la malipo.

"Lazima nione amezifanyia nini." Ukidai risiti na picha, umemwajiri bila mshahara. Tunayo namna yetu: noti unaikunja, unampa mkono wakati wa kuaga, "shika dada, ya sabuni." Wote wawili mnajua si ya sabuni. Neno hilo linamwondolea yeye kazi ya kujieleza, na wewe kazi ya kuhoji. Ukiwa mbali, tuma kwa simu, na utume na ya kutolea. Ukituma elfu kumi kavu, makato yatamega kabla mama hajafika gengeni.