Roma kwa Begi la Mgongoni: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kijana wa Afrika Mashariki anayeizunguka Ulaya kwa begi la mgongoni, akilala hosteli na kupanda treni za bei ya chini, mara nyingi huingia Roma akiwa amekwisha kujazwa maneno: ya filamu, ya mawakala wa safari, na ya ndugu aliyewahi kupita huko kwa saa chache. Sehemu kubwa ya maneno hayo si kweli, na hasara yake ni mbili. Humtoa fedha ambazo hakuwa na sababu ya kuzitoa, na, jambo ninaloliona zito zaidi, humpitisha mbele ya vitu vya thamani bila kuviona.

Dhana: Colosseum ndipo Nero alipowatupia simba Wakristo

Kaisari Nero alijiua mwaka 68 B.K. Ujenzi wa Colosseum, uwanja mkubwa wa mapambano wa Roma ya kale, ulianzishwa na kaisari Vespasian miaka michache baadaye, na mwanawe Titus akaufungua uwanja huo mwaka 80, kwa hiyo Nero hakuuona kabisa. Mateso ya Wakristo yaliyofuata moto mkubwa wa mwaka 64, ambayo mwanahistoria Tacitus anayasimulia, yalifanyika katika bustani za Nero na katika uwanja wake wa mbio za farasi, ng'ambo ya mto Tiber, upande ambako leo ipo Vatikani. Anayetaka kusimama karibu na mahali pa mateso hayo avuke mto.

Hili halina maana kwamba Wakristo hawakuuawa viwanjani kwa wanyama wakali. Waliuawa katika miji mingi ya himaya, na wafiadini Perpetua na Felista, ambao majina yao yamejaa katika familia zetu, waliuawa Karthago, Afrika ya Kaskazini, mwaka 203. Hata hivyo hakuna maandishi ya wakati ule yanayoitaja Colosseum kuwa mahali alipouawa Mkristo fulani. Jengo hilo lilipewa heshima ya mahali patakatifu hasa katika karne ya 18, chini ya Papa Benedikto XIV, na Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu inayofanyika hapo ni ibada ya kweli ambayo haihitaji kuegemezwa juu ya historia isiyo sahihi.

Jambo jingine linalorudiwa ni kwamba kila pambano la wapiganaji wa upanga liliisha kwa kifo. Mpiganaji aliyefunzwa, akalishwa na kutibiwa kwa miaka, alikuwa mali ya gharama kubwa, na aliyemkodi alidaiwa fidia mpiganaji akiuawa, kwa hiyo wengi waliondoka uwanjani wakiwa hai hata waliposhindwa. Ile ishara ya kidole gumba kuelekezwa chini imeenezwa na mchoro wa Mfaransa Jean-Léon Gérôme wa mwaka 1872, kwa maana maandishi ya Kilatini yanasema tu kwamba kidole kiligeuzwa, bila kueleza kiligeukia upande gani.

Dhana: Magofu yaliachwa na makabila yaliyovamia kutoka kaskazini

Ni kweli kwamba Wagothi waliteka na kupora Roma mwaka 410, na Wavandali mwaka 455. Lakini mporaji mwenye njaa ya dhahabu hana muda wa kubomoa jengo la mawe la ghorofa nne. Roma ya kale ilibomolewa zaidi na wakazi wa Roma wenyewe, polepole, kwa karne nyingi, na ushahidi unaonekana kwa macho kwa yeyote anayesogea karibu.

Msafiri aukaribie ukuta wa nje wa Colosseum na atazame maungio ya mawe. Ataona matundu, mengine ya kutosha kuingiza ngumi, yametapakaa ukutani kote. Wengi hudhani ni matundu ya risasi au ya uchakavu. Kumbe mawe hayo, yaliyochimbwa karibu na Tivoli, yalishikanishwa kwa vibanio vya chuma, na katika Zama za Kati watu walichimba tundu moja baada ya jingine ili kutoa chuma hicho na kukitumia tena. Tetemeko la mwaka 1349 liliporomosha sehemu ya kusini ya ukuta wa nje, na mawe yaliyoanguka yakachukuliwa kujengea majumba na makanisa ya jiji. Marumaru iliyopamba majengo ya kale iliishia kwenye tanuri za chokaa, ikachomwa kama matumbawe yanavyochomwa katika pwani yetu, na mahali palipokuwa Foro, yaani kitovu cha himaya, pakawa malisho ya ng'ombe hadi wachimbuzi wa mambo ya kale walipoanza kazi yao.

Pantheon, hekalu la Roma ya kale, imesimama nzima kwa sababu moja kubwa: mwaka 609 iligeuzwa kanisa. Hata hivyo haikuponea yote. Katika karne ya 17 Papa Urbano VIII, wa ukoo wa Barberini, aling'oa shaba ya ukumbi wake wa mbele ili iyeyushwe kwa ajili ya mizinga, na wakazi wa jiji wakasema kwa Kilatini maneno yanayokumbukwa hadi leo, kwamba yale ambayo washenzi hawakuyafanya, akina Barberini wameyafanya. Humo ndani ipo dhana nyingine ndogo ambayo waongozaji wengine hupenda kuisimulia, kwamba mvua haipiti katika tundu lililo wazi kileleni mwa kuba. Inapita. Sakafu ina mwinamo kidogo, na katikati yake marumaru imetobolewa vitundu vya kupitishia maji, ambavyo vinaonekana vizuri siku ya jua, wakati watu wote wanapotazama juu. Kuba lenyewe lina upana wa mita 43 na kidogo, ni la zege lisilo na nondo, na baada ya takribani miaka 1,900 hakuna kuba la aina hiyo lililolizidi ukubwa.

Dhana: Kwenda Vatikani kunahitaji viza nyingine

Vatikani ni nchi huru tangu Mkataba wa Laterano wa mwaka 1929, lakini hakuna ukaguzi wa pasipoti mpakani, na mwenye viza ya Schengen aliyeingia Italia kihalali anatembea kwa miguu hadi uwanja wa Mtakatifu Petro bila kuulizwa lolote. Foleni anayoikuta hapo ni ya ukaguzi wa usalama. Kuingia ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro ni bure, na anayeuziwa "tiketi ya Basilika" mitaani anauziwa kitu ambacho angepewa bila malipo. Kinacholipiwa ni kupanda kubani, ambako mtu anapanda ngazi 551 asipotumia lifti ya sehemu ya kwanza. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume kama kwa wanawake.

Kanisa dogo la Sistina halimo ndani ya Basilika kama wengi wanavyofikiri. Njia yake ni kupitia Makumbusho ya Vatikani, yenye lango lake upande mwingine wa kuta, na tiketi yake. Jumapili ya mwisho ya kila mwezi makumbusho hayo kwa kawaida huwa bure hadi mchana, ingawa foleni ya siku hiyo ni ndefu kiasi cha kumfanya mtu mwenye siku chache apime kama anaiweza. Msanii Michelangelo, aliyechora dari la Sistina kati ya 1508 na 1512, hakulala chali. Alisimama juu ya jukwaa, shingo imepinda nyuma na mkono umeinuliwa, na yeye mwenyewe aliandika shairi la kulalamikia maumivu hayo, akachora pembeni yake mtu aliyesimama namna hiyo.

Tena, kanisa kuu la Askofu wa Roma si Mtakatifu Petro. Ni Basilika la Laterano, lile ambalo Wakatoliki huadhimisha kutabarukiwa kwake tarehe 9 Novemba. Linaingiwa bure na watalii wake ni wachache zaidi.

Dhana: Roma ni hadithi ya Wazungu peke yao

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa sababu msafiri kutoka kwetu anaibeba mwenyewe na kuirudisha nyumbani jinsi ilivyo.

Tao kubwa zaidi lililosimama katika Foro lilijengwa mwaka 203 kwa heshima ya kaisari Septimius Severus, aliyezaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Mwafrika huyo wa Kaskazini aliitawala himaya yote, akafia Uingereza mwaka 211 akiwa vitani. Anayesimama mbele ya tao hilo ayasome maandishi ya juu bila haraka, hata kama hajui Kilatini. Mstari wa nne umejaa matundu ya ziada yasiyolingana na herufi zilizopo. Hapo palikuwa na jina la Geta, mwana wa pili wa Severus. Kaka yake Caracalla alimuua muda mfupi baada ya baba yao kufa, akaamuru jina lake lifutwe kila mahali. Herufi za shaba ziling'olewa na nyingine zikapachikwa, lakini matundu ya misumari ya jina la kwanza yalibaki.

Uwanjani Laterano imesimama obeliski, yaani nguzo ya jiwe, ndefu kuliko zote za Misri ya kale zilizosimama duniani, yenye mita 32 bila kitako chake, iliyotoka Karnak na kufikishwa Roma mwaka 357. Katika Basilika la Santa Maria Maggiore, umbali wa kutembea kutoka kituo cha treni cha Termini, sehemu ya ubatizo ina sanamu ya kichwa na kifua ya Antonio Manuel Ne Vunda, balozi aliyetumwa kwa Papa na Álvaro II, mfalme wa Kongo. Safari yake ilichukua miaka, aliporwa njiani, akafika Roma Januari 1608 akiwa mahututi, akafa baada ya siku chache, na Papa Paulo V akamzika kwa heshima kanisani humo. Uso wake umechongwa kwa jiwe jeusi. Watu wengi huingia basilika hilo siku hizi kuzuru kaburi la Papa Fransisko, aliyezikwa humo Aprili 2025, na hutoka bila kujua kwamba balozi huyo yupo.

Karibu na Circus Maximus, uwanja wa kale wa mbio za farasi, lipo jengo la makao makuu ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, linalojulikana kwa maofisa wa kilimo wa nchi zetu. Lilijengwa liwe wizara ya makoloni ya Italia barani Afrika, na mbele yake, tangu mwaka 1937, palisimama mnara wa jiwe wa Axum wenye urefu wa mita 24 hivi, uliochukuliwa na majeshi ya Mussolini kutoka Ethiopia. Italia iliahidi kuurudisha katika mkataba wa amani wa mwaka 1947. Uliondoka mwaka 2005, ukasimamishwa tena Axum mwaka 2008. Kusubiri huko kwa miaka karibu sitini ni sehemu ya historia ya Roma kama ilivyo Colosseum.

Dhana: Asiye na fedha nyingi ataona mitaa tu

Makanisa mengi ya Roma ni makumbusho yasiyo na kiingilio. Sanamu ya Musa ya Michelangelo imo San Pietro in Vincoli, na michoro mitatu ya Caravaggio ya maisha ya Mtakatifu Mathayo imo San Luigi dei Francesi, ambako mtu anatumbukiza sarafu ili taa iwake kwa dakika chache. Sarafu zinazotupwa katika chemchemi ya Trevi hazipotei wala hazichukuliwi na mtu yeyote apendaye: hukusanywa na kupewa Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, kwa ajili ya maskini. Julius Caesar hakuuawa ndani ya Foro, bali katika jengo la Pompey, ambalo mabaki yake yanaonekana bure kutoka barabarani pale Largo di Torre Argentina, yakiwa makazi ya paka.

Maji ya bombani barabarani ni salama, na kununua chupa kila saa ni kupoteza fedha. Mabomba hayo ya chuma, ambayo wenyeji huyaita nasoni, yalianza kuwekwa mwaka 1874 na yako katika kila mtaa. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji huruka juu kupitia kitundu kidogo kilichotobolewa mgongoni mwake, na mtu akanywa bila kuinama. Kahawa inayonywewa kwa kusimama kaunta mara nyingi ni nusu ya bei ya ile ya mezani, au chini ya hapo.

Muislamu naye huambiwa kwamba Roma haimfai. Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa mwaka 1995 karibu na bustani ya Villa Ada, ni miongoni mwa misikiti mikubwa ya Ulaya. Soko la Esquilino, jirani na Termini, lina wauza nyama halali, pamoja na bamia na ndizi za kupika. Kwenye migahawa ajue kwamba tambi za carbonara, amatriciana na gricia zote hupikwa kwa nyama ya shavu la nguruwe, ilhali cacio e pepe ni tambi, jibini na pilipili manga.

Dhana: Siku moja inatosha, na tiketi hununuliwa langoni

Siku moja inatosha kupiga picha. Tiketi ya kawaida ya Colosseum inaruhusu pia kuingia Foro na kilima cha Palatino, ambavyo peke yake ni kazi ya nusu siku, lakini ina saa maalumu ya kuingia na huandikwa jina la mwenye nayo, hivyo inunuliwe mapema kwenye tovuti rasmi, na pasipoti iwe mkononi. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure. Begi kubwa la safari haliruhusiwi Colosseum, na makumbusho ya Vatikani humtaka mgeni aliache kwenye chumba cha mizigo, kwa hiyo libaki hosteli, hata siku ya kuondoka. Hosteli nyingi hukubali kulitunza hadi jioni.