Udumifu wa data: hifadhidata ikijibu "tayari", data iko wapi?

Programu imetuma amri ya kuhifadhi, hifadhidata imejibu "tayari", na sekunde hiyohiyo umeme umekatika. Seva ikiwaka tena, rekodi ile ipo au haipo? Ahadi kwamba itakuwepo ndiyo inayoitwa udumifu: muamala (kundi la mabadiliko yanayohifadhiwa yote kwa pamoja au yasihifadhiwe kabisa) ukishathibitishwa haupotei, hata mashine ikizimika ghafla. Ndiyo herufi ya mwisho, D ya "durability", katika ACID, kifupi cha sifa nne za muamala kilichotungwa na Theo Härder na Andreas Reuter mwaka 1983. Wengi huichukulia kama jambo la ndiyo au hapana. Ukweli ni kwamba ina ngazi zake, na kila ngazi ina gharama yake ya kasi.

Gharama inatoka wapi? Neno "kuandika" lenyewe lina udanganyifu ndani yake. Programu ikiandika kwenye faili, mfumo endeshi huipokea data, huiweka kwenye RAM (kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika), kisha hujibu papo hapo kwamba kazi imekwisha. Kuishusha diskini ni kazi ya baadaye, pengine sekunde kadhaa mbele. Anayetaka uhakika hutoa amri ya fsync, yaani: shusha sasa hivi, na usinijibu mpaka diski ikiri kwamba imepokea. Kusubiri ukiri huo ndiko kunakokula muda. Diski ya sahani ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 tu kwa sekunde. Kama kila muamala unasubiri sahani izunguke ndipo uandikwe, mteja anayekamilisha muamala mmoja baada ya mwingine hataivuka sana miamala 120 kwa sekunde, hata umwekee prosesa ya aina gani. SSD, diski zisizo na sahani inayozunguka, zimefupisha kusubiri huko bila kukufuta. Zile za seva zenye kapasita za kuhifadhi chaji hujibu upesi zaidi, kwa kuwa umeme ukikatika bado zina nguvu ya kumalizia zilichokipokea.

Hifadhidata nazo zina ujanja wao. Hazihangaiki kushusha kila ukurasa wa jedwali (kipande cha data yake) mahali pake wakati mteja anasubiri. Huandika kwanza mabadiliko kwenye logi, yaani daftari la mabadiliko, mfululizo, mwishoni mwa faili, na logi hiyo tu ndiyo inayofanyiwa fsync. Kurasa za majedwali hufuata baadaye. Mashine ikianguka, hifadhidata inapowaka huisoma logi na kuyarudia yaliyomo. Na miamala ya wateja wengi ikifika kwa pamoja, yote hupanda fsync moja kama abiria wa basi moja.

Bado unaona uandishi ni wa polepole? Kabla ya kugusa mpangilio wowote, angalia kama hauingizi rekodi 1,000 kwa miamala 1,000. Zifunge ndani ya muamala mmoja, utalipia fsync moja badala ya elfu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu cha kwanza kujaribu, na mara nyingi ndicho cha mwisho kuhitajika.

Ikibidi kulegeza ahadi yenyewe, tenganisha hatari mbili ambazo watu huzichanganya kila siku: kupoteza miamala ya mwisho, na kuharibu hifadhidata nzima. Hifadhidata ya PostgreSQL inazo zote mbili, kila moja na mpangilio wake. Ukiweka `synchronous_commit = off`, mteja anajibiwa kabla logi haijafika diskini. Mashine ikianguka, unaweza kupoteza miamala ya muda wa hadi mara tatu ya `wal_writer_delay`, mpangilio wa muda ambao mwandishi wa logi hupumzika kati ya zamu zake za kuishusha. Kwa thamani ya kawaida ya milisekunde 200, hiyo ni milisekunde 600. Lakini kinachobaki ni kizima, kana kwamba miamala ile ya mwisho haikuwahi kutokea. Ukiweka `fsync = off`, hakuna tena uhakika wa kipi kimetangulia kufika diskini, logi au ukurasa, na baada ya ajali unaweza kukuta majedwali yasiyosomeka. Ushauri wa kuzima fsync ili seva ipae haujaisha mitandaoni. Unafaa kwa hifadhidata unayoweza kuijenga upya kutoka mwanzo, basi.

Uliza pia ni ajali gani unayoiogopa. Kwenye MySQL, hifadhidata nyingine, mpangilio wa `innodb_flush_log_at_trx_commit` ikiwa 1, logi hushushwa diskini kwa kila muamala. Ikiwa 2, logi inakabidhiwa mfumo endeshi kwa kila muamala lakini hushushwa takriban mara moja kwa sekunde: MySQL yenyewe ikianguka hupotezi kitu, umeme ukikatika unaweza kupoteza kama sekunde moja. Ikiwa 0, hata kuanguka kwa MySQL peke yake kunatosha kukupotezea sekunde hiyo.

Sekunde moja ni nyingi au chache? Inategemea nani ameshaliamini lile neno "tayari". Hesabu ya waliotembelea ukurasa wa tovuti ikipungua kidogo, hakuna atakayejua. Malipo ni habari nyingine: mteja ameshapata ujumbe kwamba yamepokelewa, na ujumbe haurudi nyuma pamoja na hifadhidata. Uzuri ni kwamba PostgreSQL haikulazimishi kuchagua mara moja kwa vyote. Ndani ya muamala wa takwimu unaandika:

`SET LOCAL synchronous_commit = off;`

na miamala ya malipo, kwenye hifadhidata hiyohiyo, inaendelea kusubiri diski.

Na fsync yenyewe? Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL walikabiliana na tabia isiyopendeza ya mfumo endeshi wa Linux: fsync ikishindwa kwa hitilafu ya diski, kurasa zile zingeweza kuhesabiwa kuwa zimeshaandikwa, hivyo fsync ya pili ikafaulu ilhali data imekwenda na maji. Hifadhidata ilikuwa ikijaribu tena, ikapata jibu zuri, ikaendelea na kazi. Tangu matoleo ya mwaka 2019, fsync ya faili za data ikishindwa, PostgreSQL kwa kawaida hujiangusha makusudi na kuanza upya kutoka kwenye logi, badala ya kuamini jaribio la pili.