Liguria bila gari: yale tunayoambizana kuhusu haiking ya Italia na hali halisi ilivyo

Kila mwaka ikifika mwezi wa tatu naanza kupokea meseji zilezile, ndugu na marafiki walioko Ujerumani na Uholanzi, wengine wanakuja na viza ya wiki mbili tu kutoka Dar, wote wanataka kutembea milimani Italia na swali la kwanza ni moja, nikodi gari gani? Naumia kweli, manake mtu anatenga hela nzima ya gari halafu anabana kwenye chakula na malazi, wakati huku Liguria ninakokaa mimi ukija na gari ndio unakosa utamu wenyewe. Ngoja nizipitie hizi habari moja moja, zile ninazozisikia kila mara.

"Bila gari hufiki milimani"

Angalia ramani kwanza. Liguria ni ukanda mwembamba uliojikunja kama upinde, kuanzia mpaka wa Ufaransa pale Ventimiglia hadi La Spezia, na milima inashuka moja kwa moja baharini, tambarare ya maana hakuna. Walipojenga reli karne ya 19 ikabidi waibane hukohuko pwani, handaki baada ya handaki, ndio maana leo ukishuka stesheni ya Camogli au Levanto au Monterosso, dakika chache tu ushaiona alama ya njia ya miguu imepakwa rangi kwenye ukuta wa nyumba ya mtu.

Gari sasa. Utazunguka kutafuta paking mpaka jua litakukuta barabarani, na katikati ya miji kuna maeneo ya ZTL, yaani yasiyoruhusu gari lisilo na kibali, ambayo kamera inapiga picha namba ya gari na faini inakufuata mpaka nyumbani kupitia kampuni uliyokodi. Lakini hata hilo sio kubwa. Kubwa ni kwamba gari linakulazimisha kurudi ulikoliacha, kwa hiyo kila safari inakuwa ya kwenda na kurudi njia ileile au kuzunguka duara. Ukiwa na treni unaanzia stesheni hii unamalizia ile. Unashuka Sestri Levante, unapita rasi ya Punta Manara, unatokea Riva Trigoso ambako kuna stesheni, na kama miguu bado ipo unaendelea kupitia Punta Baffe kwenye mnara wa zamani hadi Moneglia, stesheni nyingine hiyo. Au unatoka Levanto unapanda Punta Mesco unashukia Monterosso. Mwenye gari hii haiwezi mpaka atafute mtu wa kumfuata.

Upande wa magharibi kidogo tofauti na lazima niseme, kule vipande virefu vya reli vilihamishwa ndani zaidi, cha mwisho kati ya Andora na San Lorenzo al Mare mwaka 2016, kwa hiyo stesheni nyingine ziko mbali na bahari. Noli na Varigotti kwa mfano hazina stesheni yake kila moja, unashuka Spotorno-Noli au Finale Ligure unachukua basi linalopita barabara ya pwani, ile Aurelia. Bado inawezekana, na ile njia ya juu ya jabali kati ya Noli na Varigotti inastahili kila dakika ya kusubiri hilo basi.

"Njia inayoanzia stesheni itakuwa ya wazee na watoto"

Hapa watu wanaumia magoti. Fikiria hivi, mwenye gari anapandishwa mpaka juu kwenye kona ya barabara, mita 500 au 800 kutoka usawa wa bahari, anashuka anatembea. Wewe treni imekuacha karibu na maji, kwa hiyo kila mita unaipanda kwa miguu yako mwenyewe. Mlima wa Portofino una mita 610, na ukianzia Camogli karibu zote ni zako.

Na sio mwinuko wa taratibu, ni ngazi. Mkulima wa Liguria alikata mlima matuta, akajenga kuta za mawe bila saruji hata kidogo, jiwe juu ya jiwe, apande mizabibu na mizeituni, na njia za haiking za leo nyingi ndio zilikuwa njia zake za kwenda shamba. Hata stesheni ya Corniglia yenyewe, kutoka kwenye reli kwenda kijijini kuna ngazi wanaziita Lardarina, zaidi ya 370, hapo hujaanza hata safari, ingawa kuna kibasi kidogo kama unataka kuhifadhi nguvu.

Mimi mara ya kwanza nilipita Camogli kwenda San Fruttuoso kwa njia ya Batterie, inaitwa hivyo kwa sababu ya mabaki ya ngome za mizinga za vita ya pili ya dunia. Unafuata madoa mawili mekundu. Mpaka San Rocco ni ngazi kati ya kuta za bustani, unasikia kuku na mtu anaosha vyombo, ukivuka zile ngome njia inabanwa na jabali na unakuta mnyororo umepigiliwa kwenye mwamba. Unaushika, chuma kina moto wa jua, sehemu zingine kimekuwa laini kabisa kwa mikono ya watu, chini yako bahari ya kijani inapiga na hakuna kitu kati yako na maji. Nilikuwa na raba za mjini zilizoisha soli, nikajuta njia nzima. Hii njia sio ya mtu mwenye kizunguzungu, na kuna nyingine ya Pietre Strette inayopita juu msituni, haina minyororo, inafika palepale. Kwa habari ya viatu, Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani kuanzia Monterosso hadi Riomaggiore, wametangaza faini tangu 2019 kwa wanaoingia njiani na ndala, kuanzia euro 50, kwa hiyo usichukulie poa.

Tena usipige hesabu ya kilomita. Vibao vya njia huku mara nyingi vinaandika saa na dakika, na hizo saa ni za kutembea bila kusimama, hazina picha, hazina maji, hazina kupumua.

"Liguria si ndio Cinque Terre tu"

Cinque Terre ni pazuri, sibishi, lakini watu wanaenda wote palepale, saa zilezile, halafu wanarudi wanasema Italia imejaa. Njia ya pwani ya kati, Sentiero Azzurro, ni kama kilomita 12 na vipande vyake kati ya Monterosso, Vernazza na Corniglia ndio vya kulipia. Kile kipande kingine maarufu, Via dell'Amore, mawe yaliporomoka yakajeruhi watu 2012 kikafungwa miaka karibu 12, kikafunguliwa tena 2024 na sasa unaingia kwa tiketi yake ya kuweka nafasi mapema. Watu wakisikia hivyo wanadhani njia zote ni za kulipia. Hapana, za juu ni bure, ile ya Levanto kwenda Monterosso ni bure, na ile ndefu kutoka Portovenere kupitia Campiglia hadi Riomaggiore pia, Portovenere unafika kwa basi kutoka La Spezia.

Halafu kuna Genova yenyewe, mji ambao watu wanabadilishia treni na kuondoka! Katikati ya mji unapanda funikulari, kile kigari cha kuvutwa kwa kebo, kinakupeleka hadi Righi kama mita 300 juu, ukishuka tu umeingia kwenye ukuta wa karne ya 17 uliozunguka mji mzima na juu yake ngome zimefuatana kwenye mgongo wa mlima, Sperone, Puin, Fratello Minore, mpaka Diamante kwenye mita 667. Upande huu unaona bandari na meli, upande ule mabonde ya ndani na kama hewa safi milima yenye theluji kwa mbali. Na mchana ushakuwa mezani mjini.

Kuna pia kitreni cha reli nyembamba cha kwenda Casella, kipo tangu 1929, kilomita 24 hivi za kona kupanda milimani, na njia za miguu zinaanzia kwenye vistesheni vyake. Angalia kwanza kama kinatembea manake hufungwa kwa matengenezo na wanaweka basi badala yake. Na kwa waliozoea milima kweli, treni ya kwenda Acqui Terme inasimama Acquasanta, hapo unapanda Punta Martin, mita 1,001, mawe matupu na upepo, sio ya kuanzia.

"Nina tiketi, nimemaliza"

Hujamaliza. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa haina muda wa treni maalum, kwa hiyo kabla ya kupanda lazima uigonge kwenye kile kiboksi kidogo cha stesheni kiiandike tarehe na saa. Ukinunua kwenye simu, hadi 2025 ulitakiwa kubonyeza chek-ini kabla ya kuanza safari. Nimeona familia nzima inapigwa faini na tiketi halali mkononi, mama anaonyesha, anaeleza, wapi. Inauma kuangalia.

Basi nalo lina yake. Za vijijini tiketi mara nyingi unanunua kwenye duka la sigara, na duka la kijijini Jumapili limefungwa, kwa hiyo nunua mbili, ya kwenda na ya kurudi, ungali mjini. Na kituoni nyoosha mkono! Sio daladala lenye konda wa kukuita, dereva asipoona mkono anapita.

"Ratiba imeandikwa feriale, hizo si ndio siku za likizo"

Hili neno limewaacha watu wengi kituoni, wenye Kiingereza na wenye Kiswahili. Feriale ni siku za kazi, na Jumamosi imo humo. Sikukuu na Jumapili ni festivo. Ukilisoma kinyume unakaa Jumapili unasubiri basi ambalo halipo mpaka kesho. Stesheni nako, bango la njano ni treni zinazoondoka, jeupe ni zinazofika, na vile vinyundo viwili vilivyopishana maana yake siku za kazi tu, msalaba ni sikukuu. Siku ya mgomo, sciopero wanavyouita, siku za kazi kuna treni zinazolindwa saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 hadi saa 3 usiku, panga kutembea kwako kati ya vipindi hivyo viwili.

"Njoo mwezi wa nane, hali ya hewa ni uhakika"

Mwezi wa nane zile ngazi za mawe zinawaka, kivuli hakuna, treni zimejaa mpaka mlangoni. Wa nne, wa tano na wa tisa ndio wenyewe. Wa kumi na wa kumi na moja pia unapendeza lakini ndio mvua kubwa zinapopiga, tarehe 25 Oktoba 2011 mafuriko yaliingia Vernazza na Monterosso, tope likajaza mitaa, watu wakafa. Kwa hiyo mamlaka zikitangaza allerta, yaani tahadhari ya hali ya hewa, ya rangi ya chungwa au nyekundu njia zinafungwa, nawe kaa mjini hata kama asubuhi jua linawaka.

"Basi kila mahali panafikika"

Hapana, na sitaki kumdanganya mtu. Saccarello, kilele kirefu kuliko vyote Liguria, kama mita 2,200, uko kwenye Alpi za huko magharibi na bila gari ni kazi ya siku zaidi ya moja. Kijiji cha Triora mabasi yanafika lakini machache. Ile njia ndefu ya Alta Via, zaidi ya kilomita 400 juu ya migongo ya milima, utaigusa vipande vipande tu.

Na San Fruttuoso, kwenye ile abasia, nyumba ya watawa, ya kale yenye makaburi ya ukoo wa Doria, barabara haipo kabisa. Wengi wanatembea kwenda wakijua watarudi na boti hadi Camogli, halafu mchana upepo unageuka, bahari inachafuka, boti haziji. Ukiona mawimbi yanapanda kwenye kokoto usikae kubishana na bahari, bado una saa moja na nusu za mlima hadi Portofino, ambako treni haifiki, ila kuna basi namba 782 la kukupeleka stesheni ya Santa Margherita Ligure. Ratiba yake ipige picha asubuhi kabla hujaondoka, manake ukishaingia kwenye lile bonde la San Fruttuoso mtandao unaweza kukuacha.