“Kuku anajilea”: yanayosemwa Bukavu, na kuku wenyewe

“Kuku? Si anajilea mwenyewe!” Ndivyo alivyoniambia yaya mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, siku niliyoingia nyumbani na katoni ya vifaranga 50. Nikamwamini. Wiki ilipokwisha walikuwa wamebaki 31.

Yaya hakusema uongo mtupu. Kuku wa kienyeji kule vijijini, Kabare au Walungu, hutaga, huatamia na kuwafundisha watoto wake kupekua. Ila hapo anayelea ni mama kuku. Kifaranga aliyeanguliwa na mashine hana mama, na mwilini ana malaika tu, manyoya ya kweli bado. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka aote manyoya. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua unaujua mwenyewe. Blanketi unalojifunika wewe, kifaranga hana.

Basi ukiwaeleza watu hayo, wanakuja na dhana ya pili, mbaya kuliko ya kwanza: “Washa mbabula, ziba kila tundu.” Mbabula ni jiko la makala, yaani makaa, na makala yakiungua mahali pasipopita hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaua vifaranga, na ikiwa mnalala chumba kimoja nao, inaua watu pia. Washa mbabula nje mpaka makala yawe mekundu na moshi uishe, kisha uiingize. Lakini makala mekundu bado yanatoa sumu hiyo, kwa hiyo acha nafasi ya wazi juu ya ukuta, na wewe ukalale chumba kingine. Kipimajoto kikikosekana, tazama vifaranga. Wakirundikana karibu na moto, wana baridi. Wakikimbilia ukutani midomo wazi, wanaungua. Wakitawanyika, huyu anakula, yule amelala, uko sawa. Pembe za chumba zizungushie katoni, maana wakirundikana pembeni wa chini hukosa pumzi. Wangu wengi walikufa hivyo. Nilidhani ni ugonjwa.

“Mahindi yanatosha.” Mahindi ni nguvu, lakini protini yake ni kama 8 au 9 kwa mia. Kifaranga anataka karibu 20 kwa mia, kuku wa mayai 16 au 17. Sisi wa Kivu tuna bahati, tuna sambaza, samaki walioletwa ziwani kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Sambaza wakavu waliosagwa, pamoja na soya, huziba pengo hilo. Soya lazima ikaangwe kwanza. Ikiwa mbichi inamzuia kuku kuitumia protini yenyewe. Na sambaza usizidishe. Mimi nilizidisha, mama mmoja akanirudishia trei nzima akiniuliza kama mayai yangu nayavua ziwani.

Kuku wa mayai anadai pia chokaa (madini ya kalsiamu), la sivyo maganda yanakuwa laini. Maganda ya mayai yaliyokaushwa vizuri motoni na kusagwa yanasaidia. Ama kiini cha rangi kali, hiyo ni lengalenga (mchicha) na mahindi ya njano tu. Hakimaanishi yai lina nguvu zaidi.

“Bila jogoo hakuna yai.” Lipo. Jogoo anahitajika ukitaka vifaranga, na mmoja anatosha kwa majike 8 hadi 10.

Hapo kwenye uzazi ndipo fedha nyingi hupotelea. Mtu ananunua kuku wa nyama, anawaacha wakue, anangoja awe na kizazi chake. Hao wametokana na kuchanganya mbegu kadhaa zilizochaguliwa kwa miaka mingi (ndiyo maana wanafika kilo 2 kwa wiki 6 hivi, wala si sindano za kukuza kama mnavyosimuliana), na watoto wao hawatafanana nao. Kuku wa mayai wa kisasa naye ni hivyo hivyo, na mara nyingi hana hata hamu ya kuatamia. Ukitaka kuzalisha mwenyewe, mtafute tembe wa kienyeji aliyekwisha kulea. Mpe mayai 10 hadi 12 yasiyozidi wiki moja, usiyaoshe. Siku ya 7 mulika kila yai gizani kwa tochi ya simu: lenye mishipa myekundu lina uhai, lililo jeupe tupu liondoe. Siku ya 21 wanatoka.

“Akiugua mpe pilipili, au kidonge cha watu.” Ugonjwa wa Newcastle, ule wa shingo kupinda na kinyesi cha kijani, unaletwa na virusi. Hauna dawa. Ukiingia banda lisilochanjwa unaweza kulifagia lote. Kuna chanjo tu: ya kwanza katika wiki ya kwanza au ya pili, kisha inarudiwa kufuatana na aina yake. Nayo inaishi kwenye baridi. Chupa iliyokaa juani sokoni ni maji uliyoyanunua ghali. Nenda na termosi yenye barafu. Kuku mgeni naye mtenge wiki mbili kabla hajalala na wenzake.

Kuna na hili la mwisho: “Mayai yatawalisha kuku.” Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 20 hivi, na mpaka hapo kila mmoja amekwisha kula kilo 7 au 8 za chakula. Ukiwa na kuku 50, hesabu mifuko 8 ya kilo 50, na hujauza hata yai moja.