Bei, Kipimo na Njia ya Kufikisha Mzigo: Mnunuzi wa Mbali Anavyolisoma Tangazo Lako

Katika kazi yangu ya kuwashauri wafanyabiashara wadogo wa Mbeya, na mara kwa mara wa Iringa na Njombe, swali ninaloulizwa kuliko yote ni namna ya kupata wafuasi wengi mtandaoni. Ni swali la haki, lakini mimi huanzia kwingine. Humwomba mwenye biashara anifungulie chapisho lake la mwisho, kisha nalisoma kama mtu asiyemfahamu, aliyeko Temeke au Dodoma, mwenye fedha na nia ya kununua siku hiyo hiyo. Mara nyingi mtu huyo hawezi kununua. Picha ni nzuri na maneno ni matamu, ila bei haipo, kipimo hakieleweki, na hakuna panaposema mzigo utamfikiaje. Ukurasa wa namna hiyo ukiongezewa wafuasi utaongeza watazamaji tu, na mauzo yatabaki pale pale.

Nianze na bei. Desturi ya kuandika "bei njoo inboksi" imeenea mno katika kurasa za Instagram na Facebook za wafanyabiashara wetu, na sababu ninazopewa ni mbili: kwamba mshindani akiiona bei atapunguza yake, na kwamba mteja akishaingia inboksi ni rahisi kumshawishi. Sababu ya kwanza haina nguvu, kwa kuwa mshindani anaweza kuuliza kwa kutumia namba nyingine ya simu na akajibiwa papo hapo. Ya pili ina ukweli kwa bidhaa chache ambazo bei yake hutegemea maelezo ya mteja, kama keki ya harusi au kabati la mbao za Mafinga linalotengenezwa kwa vipimo vya chumba. Na hata hapo fundi anaweza kuandika bei ya kuanzia. Kwa mchele, maharage, sweta au viatu, kuficha bei ni kumfukuza mnunuzi mwenye haya. Mtu anayepita soko la Mwanjelwa hapa Mbeya husikia bei katika vizimba vitatu au vinne na kuendelea na safari yake bila kumkosea yeyote. Inboksi inamnyima uhuru huo: akiambiwa bei iliyo juu ya uwezo wake, itambidi ama ajieleze ama anyamaze kama mtu asiye na adabu, na wengi huona ni heri wasiulize kabisa.

Hata hivyo, bei bila kipimo ni nusu ya habari, na hapa nyanda zetu za juu zina tatizo lao mahsusi. Sisi tumezoea debe, sado na gunia. Muuzaji wa viazi wa Njombe akiandika "gunia moja" na bei yake, mnunuzi wa Dar es Salaam ana haki ya kujiuliza ni gunia la namna gani, maana sote tunaijua lumbesa, ule ujazo wa kuvimbisha gunia hadi lishonewe kilemba juu. Lumbesa imekatazwa chini ya Sheria ya Vipimo, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Anayeandika "gunia, kilo 100, limepimwa kwenye mzani" na kuambatanisha picha ya mzani wenyewe amemwondolea mnunuzi shaka kubwa kuliko ambavyo maneno yoyote ya sifa yangeweza. Hali ni hiyo hiyo kwa vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu: "kikubwa, cha kati, kidogo" hakimsaidii mtu anayetaka kikapu cha kuweka chini ya meza fulani nyumbani kwake. Aandikiwe kimo na upana kwa sentimita.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu biashara nyingi za mikoa hii zina wanunuzi wa aina mbili wasiofanana, na tangazo moja haliwezi kuwahudumia wote sawasawa. Yuko anayeweza kufika: mteja wa saluni, wa mama lishe, wa fundi viatu, wa duka la vipuri. Yuko pia asiyeweza kufika, aliye umbali wa mamia ya kilomita kwa barabara, ambaye anataka mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, majani ya chai au kikapu. Wa kwanza anahitaji kuelekezwa. Wa pili anahitaji kuamini, na imani hiyo haijengwi kwa kuandika "sisi ni waaminifu" chini ya kila picha.

Chukua mchele wa Kyela, ambao harufu yake imeupa jina nchi nzima, na kwa sababu hiyo hiyo watu huuza mchele wa kwingine kwa jina lake. Mnunuzi wa mbali analijua hilo kabla hajakuandikia. Kinachomtuliza ni ushahidi mdogo mdogo: video ya nusu dakika mashineni wakati mpunga unakobolewa, tarehe ya kukoboa iliyoandikwa kwa mkono juu ya mfuko, na punje zikiwa kiganjani kwenye mwanga wa mchana. Na kama mchele wako ni wa Mbarali, uandike hivyo. Bonde la Usangu linatoa mchele mzuri wenye wateja wake, na anayenunua akijua anachonunua ndiye atakayerudi. Kwa vyakula vilivyosindikwa na kufungashwa, kama unga, asali au siagi ya karanga, picha ya lebo yenye alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, isomeke vizuri. Kazi ya kusajili vyakula ilihamishiwa kwa shirika hilo mwaka 2019, na wanunuzi wa maduka makubwa huiangalia alama hiyo kabla ya kuuliza bei.

Baada ya ushahidi huja swali la malipo na usafirishaji, na hapo ndipo mauzo mengi hufia. Tangazo linaloweza kufunga biashara kwa ujumbe mmoja huwa na sura kama hii, kwa bei ya mfano tu: "Mchele wa Kyela, umekobolewa wiki hii. Mfuko wa kilo 25, shilingi 75,000 bila nauli. Tunatuma kwa basi kila Jumanne na Ijumaa. Risiti ya mzigo tunakutumia kwa WhatsApp basi likiondoka. Malipo kwa Lipa Namba." Kila sentensi humo inajibu swali ambalo mnunuzi angeliuliza. Lipa Namba ina faida kubwa kuliko kupokea fedha kwa namba binafsi, kwani mlipaji huliona jina la biashara kabla ya kukamilisha malipo, na jina hilo likifanana na la ukurasa wako, hofu ya kutapeliwa hupungua sana. Kwa upande wako, usitoe mzigo kwa kuoneshwa picha ya ujumbe wa malipo. Angalia salio lako mwenyewe, kwa kuwa ujumbe wa kughushi hutengenezwa kirahisi.

Kuhusu mteja wa karibu sitasema mengi. Mwelekeze kwa alama ambazo watu wanazitumia kweli: "Kabwe, mkabala na kituo cha daladala" kunaeleweka kuliko jina la mtaa lililoko kwenye leseni. Isajili biashara yako kwenye ramani ya Google, jambo lisilo na malipo, na uweke saa za kufungua zilizo sahihi.

WhatsApp inastahili maelezo zaidi, maana ndiyo inayouza kuliko mitandao mingine yote kwa wateja wangu wengi. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ni ya bure na ina katalogi ambamo kila bidhaa hukaa na picha, bei na maelezo yake, pamoja na majibu ya haraka unayoyaandika mara moja na kuyatumia kila siku. Wengi wanaweka kila kitu kwenye stetasi na kushangaa kwa nini wanaoitazama ni wale wale. Sababu iko katika namna mtandao wenyewe unavyofanya kazi: stetasi hudumu saa 24 na huonekana na mtu uliyehifadhi namba yake ambaye naye amehifadhi yako. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi nayo ina kikomo cha watu 256, na asiyekuwa na namba yako kwenye simu yake haupati. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhifadhiwa. Andika namba yako juu ya kila mfuko unaotoka, na mteja akishapokea mzigo salama, mwombe kwa heshima: "Mama, naomba uhifadhi namba hii, mzigo mpya ukifika utauona kwenye stetasi." Wakati huo ameridhika, na ni nadra akatae.

Usiposti picha za wateja bila ruhusa yao. Wenye saluni hasa hupenda kuonesha kichwa kilichosukwa pamoja na uso wa mwenyewe, lakini uso ni taarifa binafsi ya mtu, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uliza kabla, na akisita, piga picha kwa nyuma. Namba za simu na majina ya waliolipa yafutwe pia kabla ya kuonesha risiti.

Limebaki suala la matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram, ambayo mimi huyatetea mara nyingi, ingawa nimeona fedha nyingi zikipotea humo. Zinapotea kwa mambo mawili. La kwanza ni eneo: mwenye saluni ya Soweto, hapa Mbeya, anaacha tangazo lioneshwe Tanzania nzima, na analipia macho ya watu wa Mwanza ambao hawatakuja kusuka kwake, ilhali angeweza kuweka alama kwenye ramani na kuchagua kilomita chache kuzunguka duka lake. La pili ni lengo: anachagua kupata "like" badala ya kupokea ujumbe, na mtandao unamletea wapenda kubofya kama alivyoomba. Kwa tangazo lako la kwanza, chagua chapisho ambalo tayari limeleta wanunuzi bila kulipiwa, weka kiasi kidogo kwa siku chache, muulize kila anayeandika ameliona wapi, na uandike kwenye daftari ni wangapi walilipa, kabla hujaongeza hata shilingi moja.